Kupita mchanga laini kwa pikapu inayovuta nyuma tu

Mara ya kwanza kukwama mchangani nilikwama juu ya alama za matairi yangu mwenyewe. Asubuhi, kama saa moja, nilikuwa nimepita palepale na pampu ya kisima, mifuko 5 ya saruji na sanduku la spana, na pikapu ilikwenda bila kulalamika. Saa nane mchana mzigo ulikuwa umeshashuka. Nikarudi na bodi tupu kwa njia ileile, nikijiambia kwamba palipopitika na mzigo hapawezi kunishinda bila mzigo. Katikati gari likaanza kuwa zito. Nikaongeza mafuta, likazidi uzito. Nikakanyaga mpaka chini. Niliposhuka, difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ilikuwa imekaa juu ya mchanga kama kuku aliyeatamia, na matairi ya nyuma yamefukiwa nusu.

Mzee mmoja dereva wa lori, aliyekuwa akipita upande wenye ardhi ngumu, alisimama akanifuata kwa miguu. Nikamwomba anivute. Hakwenda kuchukua kamba. Alichuchumaa kwenye tairi la nyuma, akafungua kifuniko cha valvu na kubonyeza ndani kwa ncha ya ufunguo. "Mwanangu," akaniambia huku upepo ukifoka, "umeingia mchangani na matairi ya lami." Tulichimba kama nusu saa, tukapunguza upepo magurudumu yote manne, na pikapu ikatoka kinyumenyume kwa nguvu zake yenyewe. Kamba haikuguswa.

Miaka 14 imepita, na bado kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji, na visima vingi ninavyoitwa viko mwisho wa njia za mchanga. Gari ni lilelile: kabini moja, gia za mkono, linavuta nyuma tu. Nakwama bado, lakini mara chache, na karibu kila ninapokwama najua ni sekunde gani nimekosea. Hapa naandika ninavyofanya. Siwaambii kwamba pikapu ya namna hii ni sawa na gari linalovuta magurudumu yote manne. Kuna milima ya mchanga ambayo nikiiona nageuza. Ila tambarare za mchanga, mito iliyokauka, na njia laini zinazokwenda kilomita mbili tatu kabla ya kukutana na ardhi ngumu, hizo zinapitika.

Tatizo liko wapi hasa

Pikapu tupu ina injini, gia na dereva mbele, na nyuma kuna sanduku la bati. Magurudumu yanayosukuma ndiyo yenye uzito mdogo juu yake, na yale mazito ya mbele hayasukumi chochote, kazi yake ni kulima. Fikiria mkokoteni ambao anayeusukuma ni mwepesi na gurudumu la mbele limezama.

Halafu kuna difu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili ya nyuma, kwa hiyo nguvu inayofika chini kwa kila gurudumu haizidi ile ambayo gurudumu dhaifu linaweza kuishika. Gurudumu moja likianza kuzunguka bure, mwenzake husimama akitazama. Ndiyo maana ukikwama mara nyingi unakuta shimo la upande mmoja ni kubwa kuliko la pili. Baadhi ya pikapu zina kitufe cha kufunga difu ya nyuma. Kama yako inacho, kijue kabla ya siku ya shida, na kitumie ukienda moja kwa moja tu, kwa sababu gari lililofungwa difu halipendi kona.

Upepo kwanza

Kama utasoma sehemu moja tu, soma hii. Tairi la mbele la pikapu hubeba, tuseme, kilo 400. Upepo ukiwa psi 32, yaani kama kilo 2.25 kwa kila sentimita ya mraba, tairi linahitaji kugusa chini eneo la karibu sentimita 180 za mraba ili kubeba uzito huo. Shusha upepo hadi psi 16 na eneo hilo linakuwa karibu 360. Si hesabu kamili, maana ukuta wa tairi nao hubeba kidogo, lakini picha ndiyo hiyo: uzito uleule, unyayo mara mbili. Watu wengi hudhani tairi lililopunguzwa upepo hutanuka pembeni. Hutanuka kidogo tu. Kwa kiasi kikubwa unyayo wake hurefuka, kwenda mbele na nyuma, na urefu huo ndio unaolifanya tairi lipande juu ya mchanga badala ya kuusukuma mbele yake kama reki.

Si jambo jipya. Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza, alizunguka jangwa la Libya katika miaka ya 1920 na 1930 kwa magari ya Ford, Model T kisha Model A, yote yakivuta nyuma tu. Yeye na wenzake walipunguza upepo, wakabeba mabamba ya chuma ya kulaza chini ya magurudumu, na wakajifunza kuusoma mchanga. Mwaka 1940 alipounda kikosi cha Long Range Desert Group, malori mengi ya mwanzo yalikuwa Chevrolet ya tani moja na nusu, nayo yalivuta nyuma. Mtu akinicheka kwamba nimekwenda mchangani na pikapu isiyovuta mbele, humkumbusha hayo malori.

Mimi huanza hivi. Barabarani natembea na psi 32 mbele, na nyuma 35 nikiwa na mzigo. Kabla ya kuingia mchangani, si baada ya kuanza kuzama, nasimama pagumu na kushusha zote hadi 18. Nikiwa tupu, nyuma nashusha hadi 16. Nikiwa na mzigo wa maana naziacha 20. Mchanga ukiwa mbaya kuliko nilivyodhani, naenda 15. Namba 12 ni ya kujinasua tu: unatoka kwenye shimo, unafika pagumu, unajaza. Chini ya hapo tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi ukikata usukani ghafla, na kulirudisha ukiwa peke yako porini ni adhabu.

Pima kwa geji, usipime kwa jicho wala kwa teke. Kumbuka pia kwamba tairi lililotoka kukimbia kwenye lami lina joto, na geji itakuonyesha psi tatu nne zaidi ya hali yake halisi. Likipoa utakuta umeshuka chini ya ulivyokusudia. Kutoa upepo kwa kubonyeza valvu huchukua dakika moja hadi mbili kwa kila gurudumu. Wengi hawatoi kwa sababu ya uvivu wa kujaza baadaye, nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka niliponunua pampu ya umeme inayoshikizwa moja kwa moja kwenye betri. Zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara huunguza fyuzi. Yangu huchukua kama dakika tano kwa tairi kutoka 16 hadi 32. Dakika ishirini kwa magurudumu yote. Kuchimba gari lililolala tumbo ni saa mbili.

Ukishapunguza upepo, gari si lile tena. Linayumba kwenye kona, na kuta za matairi zinapata moto. Mimi sizidi kilomita 40 kwa saa nikiwa chini ya psi 20, na nikiwa psi 15 hata kilomita 20 kwa saa naona ni nyingi. Vijiti na visiki ambavyo tairi gumu lingeviruka sasa vinakuta ukuta laini umejitokeza pembeni, kwa hiyo vikwepe.

Kuhusu meno ya tairi: yale makubwa ya matope hayasaidii mchangani, hufanya kazi ya jembe. Tairi lililolika kiasi, mradi ukuta wake ni mzima, hupita mchanga vizuri tu. Sisemi uendeshe matairi yenye kipara barabarani.

Mzigo

Sasa yale ya asubuhi na mchana yanaeleweka. Ile saruji, kilo 250, ilikuwa imekalia ekseli ya nyuma na kuyapa magurudumu kitu cha kushikia. Nilipoishusha niliondoa nusu ya uwezo wangu wa kusukuma. Lakini usikimbilie kujaza bodi. Kila kilo unayoongeza inazamisha pia, na baada ya kiwango fulani unapoteza zaidi ya unachopata. Kwa gari langu nimeona kilo 100 hadi 200 ndiyo kipimo kizuri. Nikiwa natoka tupu najaza madumu ya maji na kuyapanga juu ya ekseli au mbele yake kidogo, yakiwa yamefungwa kwa kamba. Usiyaweke kwenye mlango wa nyuma.

Hilo la mwisho nilijifunza kwa mabomba. Yalikuwa ya mita 6, yamechomoza nyuma, uzito wote umening'inia ng'ambo ya ekseli, na kwa hiyo pua ya gari ikainuka. Nyuma ilishika vizuri kabisa. Tatizo, nilipokata usukani gari likaendelea mbele kana kwamba sikuligusa, likaniingiza kwenye kichaka.

Kuutazama mchanga

Asubuhi mchanga umepoa na una unyevu kidogo wa usiku, chembe zinashikana. Mchana umekauka, umelegea, na chembe zinateleza kama mtama kwenye gunia. Njia moja, saa mbili tofauti, ni njia mbili. Nikiwa na uchaguzi, naingia alfajiri na kupanga kutoka kabla jua halijawa kali, au nasubiri jioni. Mvua nyepesi ya jana ni zawadi. Mchanga uliolowa mpaka unameremeta maji ni kitu kingine, huo unameza.

Nikifika mahali nisipopajua nashuka. Natembea mita 50 au 100 nikipiga kisigino. Kisigino kikiacha alama ya kina cha kidole, napita. Kikizama mpaka kifundo cha mguu, napunguza upepo zaidi au natafuta upande mwingine. Mchanga wenye viwimbi vidogo vilivyobanana, vilivyotengenezwa na upepo, mara nyingi umeshindiliwa. Mchanga laini usio na alama, hasa nyuma ya tuta upande usiopigwa na upepo, ndio mtego: pale chembe zimemwagika zenyewe na kukaa kwa mteremko wa nyuzi 32 hadi 34, hazijakandamizwa na chochote. Penye nyasi, mizizi hushika ardhi, lakini miiba nayo iko hapohapo.

Mto mkavu una mchanga mbaya kuliko unavyoonekana, mnene na mkavu, na mara nyingi kingo zake ndizo zinazokwamisha, siyo katikati. Angalia kwanza utatokea wapi ng'ambo, ndipo uingie. Na usiegeshe ndani yake hata kwa dakika tano, maana mvua iliyonyesha mbali usikoiona inaweza kuleta maji. Ufukweni, mahali pagumu ni kati ya mstari wa maji kujaa na maji yenyewe yanapokuwa yamekupwa, nawe ujue saa ya maji kurudi.

Alama za magari yaliyotangulia husaidia kwa sababu zimeshindilia. Za lori nazitilia shaka: ni pana na za kina, katikati zinaacha tuta linalokwangua difu ya pikapu. Hapo naweka magurudumu ya upande mmoja juu ya tuta na ya upande mwingine nje kabisa ya alama.

Kuendesha

Chagua gia kabla. Mimi naingia nikiwa tayari kwenye ya pili, injini inazunguka katikati, siyo kuunguruma wala kukoroma. Kubadilisha gia katikati ya mchanga ni nusu sekunde ya kutosukumwa, na mchanga hukusimamisha ndani ya nusu sekunde hiyo. Kama gari ni la otomatiki, lifungie kwenye gia ya chini lisijichagulie lenyewe. Kama lina mfumo wa kuzuia kuteleza, kitufe chake kina picha ya gari na mistari miwili ya kujipindapinda, uzime: mfumo huo ukihisi gurudumu linateleza hukata nguvu, na mchangani kuteleza kidogo ni hali ya kawaida.

Baada ya hapo ni mguu tulivu. Mwendo wako ndio akiba yako. Gari likianza kuwa zito, ongeza mafuta kidogo kidogo, kama unayemimina mafuta ya taa kwenye chupa, na chezesha usukani kushoto na kulia kwa robo mzunguko. Magurudumu ya mbele yatapata ukingo mpya wa kushika na mara nyingi hilo linatosha. Sipendi ushauri wa "kanyaga usiogope". Ndio ulionilaza difu siku ile. Mwendo mkali pia hukurusha kwenye mashimo usiyoyaona, na springi za nyuma za pikapu tupu zinarusha kweli.

Kona fanya pana. Kila unapokata usukani, magurudumu ya mbele yanakuwa breki. Na hapa nina ujanja wangu: nimebandika utepe mwekundu juu kabisa ya usukani, mahali unapokuwa wakati magurudumu yamenyooka. Ukiwa ndani ya alama za kina, alama zinakuongoza, na unaweza kuwa umekata usukani nusu bila kujua, kwa sababu gari linakwenda moja kwa moja. Alama zikiisha linaruka pembeni. Ukikwama, utepe huohuo unakuambia kama unajaribu kutoka na magurudumu yaliyopinda.

Mteremko upandwe na ushukwe ukiwa umenyooka, kamwe usikate kwa ulalo. Matairi yaliyopunguzwa upepo na mchanga unaomeguka upande wa chini vinatosha kulipindua gari. Ukishindwa kupanda, usigeuze. Weka rivasi, rudi kwa mstari uleule uliopandia, klachi imeachiwa, injini ikushikilie. Kabla ya kufika kileleni punguza mafuta, maana hujui ng'ambo kuna nini.

Kusimama nako ni kazi. Usishike breki. Breki hurundika mchanga mbele ya kila gurudumu, nawe unajijengea kizingiti utakachopaswa kukiruka kuondoka. Achia mafuta, gari litasimama lenyewe, mchanga una breki ya kutosha. Chagua pagumu, au pua ikitazama chini. Ukitaka kuondoka, rudi nyuma kwanza nusu mita juu ya alama zako zilizoshindiliwa, halafu nenda mbele kwa gia ya kwanza, klachi taratibu.

Tazama pia sindano ya joto. Mchangani injini inafanya kazi ya mlimani kwa mwendo wa kutembea, na rejeta haipati upepo. Ikipanda, zima kiyoyozi, tafuta pagumu, geuza pua ya gari kuelekea upepo unakotoka na uiache injini izunguke taratibu. Penye nyasi kavu usisimame juu yake. Bomba la moshi lina moto wa kuwasha moto.

Umekwama

Gari likiacha kusogea, toa mguu kwenye mafuta. Si baada ya kujaribu mara moja zaidi. Kati ya kusimama na kulala tumbo kuna sekunde kama tatu za ubishi, na kila sekunde inaongeza robo saa ya kuchimba. Siku hizi nikihisi tu kwamba nyuma inazunguka kuliko gari linavyokwenda, nakanyaga klachi palepale, hata kama abiria anasema "bado kidogo".

Shuka utazame. Kama mchanga haujafika kwenye ringi na difu inaning'inia hewani, mara nyingi unatoka kwa rivasi tu: nyoosha magurudumu, fukua kidogo nyuma ya kila moja, rudi taratibu kwenye alama zako. Kurudi nyuma ndiko ninakokupendelea karibu kila mara. Nyuma umeshapashindilia na unajua pagumu pako umbali gani. Mbele hujui.

Kama halitoki, usirudie kujaribu. Shusha upepo hadi 15, kisha 12. Ndipo uchukue koleo. Mchanga mkavu unamwagika kurudi shimoni, kwa hiyo chimba kwa upana, na kwa kila gurudumu tengeneza mteremko mrefu wa karibu mita nzima upande unaotokea. Usitengeneze ngazi, maana gurudumu haliwezi kupanda ukuta. Magurudumu yote manne, hata yasiyovuta, kwa sababu yale ya mbele ndiyo yanayokuzuia. Halafu lala kifudifudi ufukue chini ya difu, chini ya ekseli na popote chesisi inapogusa. Watu huruka hatua hii kwa sababu haionekani, kisha wanashangaa magurudumu yanazunguka hewani. Gari liwe limezimwa, na usiingize kichwa chini. Koleo lenye mpini mrefu kiasi linafika. Mchanga unaoutoa utupe mbali na njia yako. Fukua pia mdomo wa bomba la moshi kabla ya kuwasha, la sivyo moshi hutafuta njia ya kuingia kabini, na sumu yake haina harufu.

Mbao nilizo nazo ni mbili, urefu kama mita 1.2, upana sentimita 25, nene. Zinaingia chini ya magurudumu ya nyuma, upande wa kutokea, zimesukumwa mpaka tairi lizipande tangu mzunguko wa kwanza. Mazulia ya miguuni ya gari hufaa mara moja, kisha yanarushwa yamechanika. Matawi yanafaa zaidi yakiwekwa mengi na kwa kukingama. Hakuna mtu anayesimama kwenye mstari wa mbao, mbele wala nyuma. Ubao unaweza kutoka kama mshale. Wanaosukuma wasimame pembeni, kwenye kona za bodi au milangoni.

Kama gurudumu moja tu linazunguka, kuna ujanja wa breki ya mkono. Kwenye pikapu nyingi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayovuta. Ivute meno mawili matatu, usiifunge kabisa, kisha ondoka taratibu. Lile gurudumu jepesi linapata kizuizi, na difu inalazimika kumpa mwenzake kazi. Hauwezi miujiza, lakini umenitoa mara kadhaa nikiwa karibu kukata tamaa. Achia mara tu gari linapokwenda, usiunguze breki.

Jeki mchangani huzama kuliko gari linavyoinuka. Nina kipande cha ubao mnene, kama sentimita 30 kwa 40, cha kuikalisha. Inua gurudumu, jaza shimo lake kwa mchanga na mawe, laza ubao mrefu juu, teremsha. Wakati gari liko juu ya jeki, mkono na mguu visiwe chini yake hata kidogo.

Wapo wanaomwagia maji mbele ya matairi. Ni kweli mchanga uliolowa hushikana, lakini ndoo moja inalowesha sehemu ndogo sana, na ukiwa umekwama juani hayo maji ni ya kunywa. Chimba dakika kumi, pumzika kivulini, kunywa, rudi.

Kuvutwa ni njia ya mwisho, na ndiyo ninayoiogopa. Kabla ya kufunga kamba, chimba vilevile kana kwamba hakuna wa kukuvuta, ili kamba isilazimike kung'oa gari. Ifunge kwenye ndoano ya chesisi. Kamwe usiifunge kwenye bampa, wala kwenye ile mpira ya chuma ya kuvutia trela. Mpira huo ukikatika chini ya mvuto huruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Tupa blanketi zito au gunia lenye mchanga katikati ya kamba, na watazamaji wakae mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, pembeni. Anayevuta aondoke polepole, nawe usaidie kwa gia ya kwanza. Minyororo ya kuvuta kwa kishindo siitaki karibu na gari langu.

Ukishatoka

Usisimame kushangilia. Endelea mpaka pagumu, ndipo ushuke. Jaza upepo kabla ya lami: tairi la psi 15 kwenye mwendo wa barabara hupata moto na kupasuka. Zunguka gari utazame kama tairi lolote limekaa upande kwenye ringi, kama kuna kijiti kimechoma ukuta, kama bomba la moshi limepinda. Kanyaga breki mara kadhaa ukienda polepole, kwani mchanga ulioingia kwenye ngoma za nyuma hukwaruza siku nzima. Jioni fungua chujio la hewa ulikung'ute. Kama ulikuwa ufukweni, osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Na hesabu mbao kabla ya kuondoka. Gari likitoka kwa nguvu huzifukia, na kwa furaha ya kutoka unaziacha. Zangu sasa zina kamba fupi nyekundu iliyofungwa kwenye tundu mwishoni, ili ncha yake ibaki juu ya mchanga. Kabla ya hapo nilishaacha tatu.